Kidole cha Bwana Kesho

Tarehe 4 Juni

Kwa binti wa Bwana Kesho,

Alama ya kidole iliyokipatia chama chetu haki ya kutambuliwa kisheria niliichukua kwenye mkono wa maiti. Maiti ni baba yako. Mchukuaji ni mimi, na kwa miaka arobaini sijamwambia mtu.

Nimetanguliza sentensi hiyo ili nisipate nafasi ya kuizunguka. Huenda hunikumbuki. Nilikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha chupa, na wote waliniita Karani. Sasa nina miaka themanini na minne, nalala chumba cha uani kwa mwanangu, na daktari akija huzungumza na mkwe wangu ukumbini badala ya kuzungumza nami. Hiyo peke yake ni jibu.

Mwenyekiti wa sasa, kijana wa miaka hamsini, alikuja kunijulia hali. Akaniambia ukumbi mpya wa chama utapewa jina la baba yako, na wewe ndiye utakayevuta pazia Jumamosi ya tarehe ishirini Julai. "Ukumbi wa Kesho," alisema, "jina lenyewe linatazama mbele, au siyo Mzee?" Alipoondoka niliomba karatasi.

Ujue mambo yalivyokuwa. Sheria ilisema mwajiri halazimiki kukaa mezani kujadiliana na chama mpaka nusu ya wafanyakazi, na mmoja zaidi, wawe wamejaza fomu za uanachama. Orodha iliyofungwa tarehe mosi ilikuwa na watu mia tatu themanini na sita. Tulihitaji fomu mia moja tisini na nne. Kufikia asubuhi ya siku ya mwisho tulikuwa na mia moja tisini na tatu.

Baba yako alikuwa mpulizaji wa chupa kwenye tanuri namba mbili. Kila tulipompelekea fomu alisema, "Kesho," kwa upole kabisa, akarudisha bomba mdomoni. Miezi mitatu alisema hivyo. Wenzake ndio waliompa jina.

Siku ile alianguka na kufa mbele ya tanuri, saa sita mchana. Saa tisa na nusu fomu zilikuwa mezani kwa afisa wa kazi, ikiwamo yake, ya mia moja tisini na nne, yenye tarehe ya siku hiyo. Aliyesaini akiwa hai alihesabiwa, hata kama alikufa saa moja baadaye.

Utauliza kwa nini sikutumia kidole changu. Vidole vya watu wa tanuri havina mistari; moto uliifuta yote, alama yao ilikuwa doa tupu, na afisa alilijua hilo. Changu kilikuwa na mistari kama ukurasa wa daftari.

Sikuombi msamaha. Nimeona tu ujue kabla hujalivuta pazia.

Karani

*

Tarehe 11 Juni

Mzee Karani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa ajili ya mvi zako.

Unadhani umenipa habari mpya. Mama aliuona ule wino. Alikwenda kumtambua marehemu, akarudi, akakaa kizingitini na viatu miguuni, akasema, "Wamemtia wino." Basi. Hakuongeza neno mpaka mlipokuja ninyi wa chama, wiki ya pili, kusema mtanisomesha hadi nitakapofika. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama nyuma ya mlango. Mama aliwaambia, "Mmeshachukua kidole, sasa mnataka na mtoto?" Akawafungia.

Kwa hiyo sikusoma. Nilimaliza la saba, shangazi akanikalisha kwenye cherehani, na hapo ndipo nilipo. Mimi ni fundi, na sijuti. Ila nataka ujue hesabu ya kidole chako ilifika mpaka wapi.

Baba hakuwa mtu wa kutia kidole. Alipokuwa kijana walimletea karatasi, wakamwambia ni ya kuthibitisha mpaka wa shamba la baba yake. Akabonyeza. Kumbe alikuwa ameligawa. Tangu siku hiyo akaapa: "Kidole hiki kimekula shamba, hakitakula kitu kingine." Mama aliamini kwamba aliukataa umoja wenu kama alivyokataa kila karatasi baada ya ile, nanyi mkasubiri afe ili mpate mnachotaka. Mtaani nako, nusu walimwita shujaa, nusu wakasema alikuwa kibaraka wa mwajiri hadi dakika ya mwisho. Nimekua katikati ya watu hao. Ukimtetea huku, unasutwa kule.

Nina swali moja tu, usilizunguke na hili. Baba yangu alikitaka chama, au hakukitaka?

Kama hakukitaka, jina lake halitakaa ukutani. Nitakwenda hiyo tarehe ishirini, na badala ya kuvuta pazia nitawaeleza wageni wote kwa nini silivuti.

Binti yake

*

Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Mama yako alikuwa na macho. Nilikifuta kile kidole kwa leso yangu, nikadhani kimetakata.

Sijui baba yako alitaka nini. Siku ile sikumwona akiwa hai. Nilikuwa chumba cha mizani, kule tulikoruhusiwa kupokea fomu, nikasikia makelele kutoka tanuri namba mbili. Nilipofika walikuwa wamemlaza chini, na bomba lake bado lina chupa nchani, nusu imepulizwa, imelegea na kuinama kama mtu aliyesinzia. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Tulimbeba hadi chumba cha huduma ya kwanza. Muuguzi alimsikiliza kifua, akamfumba macho kwa vidole viwili, akatoka kwenda kutafuta gari.

Nikabaki naye. Mfukoni nilikuwa na kidau cha wino na fomu tupu.

Nikuambie jambo ambalo limenikalia zaidi ya yote. Kidole kilikuwa na joto. Si joto la mtu aliyekufa sasa hivi. Kilikuwa na joto kuliko changu. Watu wa tanuri huchelewa kupoa. Nilipokibonyeza kwenye karatasi nilihisi kama kinabonyeza chenyewe, kama mtu anayekubali. Kwa miaka mingi nilijipumbaza kwa hilo.

Ukweli mwingine ni kwamba tulishinda. Afisa alihesabu, akahesabu tena, akatia muhuri. Miezi miwili baadaye mwajiri alikaa mezani nasi kwa mara ya kwanza, amekunja uso kama aliyelazimishwa kula majani. Zamu ya tanuri ilishuka kutoka saa kumi na mbili hadi nane. Wapulizaji wakapata miwani, mapumziko na maji ya kunywa. Baada ya mkataba ule hakuna mtu aliyekufa mbele ya tanuri kwa miaka kumi na moja. Nilikuwa nikiwahesabu.

Lakini mwajiri alikuwa na neno lake. Kila tulipombana alisema, "Tutawajibu kesho." Wenzangu walikasirika. Mimi nilitazama mlango. Fikiria, mwanangu: lugha nzima hii, na siwezi kuahirisha hata kunyoa ndevu bila kumtaja marehemu.

Mwezi uliopita hospitalini mkono ulitetemeka nikashindwa kutia sahihi. Mimi, niliyeandika barua za kiwanda kizima! Binti wa mapokezi akanisogezea wino. "Babu, tia tu kidole, yaishe." Nilimwomba anisubiri. Watu wa nyuma yangu walianza kunung'unika. Akauliza, "Babu, unasubiri nini?"

Alikuwa na sababu zake za kusema kesho. Sikuzijua. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia.

Karani

*

Tarehe 24 Juni

Mzee Karani,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa ajili ya lile joto. Mara ya pili nikakasirika tena. Mara ya tatu niliacha cherehani, nikaenda kukaa nje, kwa sababu kuna kitu kilikuwa hakikai sawa, kama mkono wa shati ulioshonewa upande usio wake.

Nitakuambia jambo ambalo hata Mama hakulijua.

Baba alikuwa akijifunza kuandika. Mimi ndiye niliyemfundisha. Akitoka zamu, Mama akiwa bado sokoni, tulikwenda nyuma ya nyumba na kipande cha mkaa, tukaandika ukutani, kisha tukamwagia maji kabla hajarudi. Aliniita Mwalimu. "Mwalimu, hii h mbona imekaa kama kiti?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. "Basi aliyeitunga alikuwa amechoka." Hakutaka herufi nyingine, alitaka jina lake tu, lote, mpaka la babu yake. Mikono ile iliyozungusha kioo cha moto ilivunja mkaa kila mara. Nikimcheka alisema, "Cheka tu. Kioo nacho kilinicheka mwaka mzima."

Ilichukua miezi mitatu. Miezi hiyohiyo mitatu, Mzee.

Kwa miaka yote nimedhani ulikuwa mchezo wetu. Sikujua kwamba miezi hiyohiyo mlikuwa mnampelekea fomu. Mama alisema alikataa, hakusema ni kwa muda gani. Ni wewe uliyeniandikia kwamba alisema kesho kwa miezi mitatu. Ndipo nikaelewa alikuwa akingoja nini.

Asubuhi ile alivaa shati la kutokea. Mama akamuuliza, "Unakwenda tanurini au unakwenda kuposa?" Akacheka, akainama kwangu kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Akaninong'oneza, "Mwalimu, napita kwa Karani kwanza. Leo ndiyo kesho."

Kwa Karani kwanza. Nimeyasikia kwa masikio haya.

Wewe unaandika hukumwona akiwa hai. Mmoja wenu hasemi kweli, na marehemu hana sababu. Alikuja au hakuja? Kama alikuja, alikuja na nini, na kwa nini ulihitaji kidole cha mtu aliyejua kuandika?

Fundi

*

Tarehe 9 Julai

Kwa Dada Fundi,

Salamu nyingi. Mimi ni mkwe wa Mzee, mke wa mwanawe. Samahani kuingilia yasiyonihusu, lakini naona unangoja jibu na huku mambo si mazuri.

Barua yako ilifika Ijumaa. Aliisoma, akaomba nimketishe, akaisoma tena, na tangu hapo chakula ni vijiko viwili. Nimemwambia, "Baba, nitajie nikuandikie mimi." Hataki. Nimemwambia nikupigie simu. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Kuna jambo la kuchekesha, kama lingekuwa siku nyingine. Nikimpelekea dawa anasema, "Kesho." Nikadhani anakataa, nikamgombeza kama mtoto: kesho gani, Baba, dawa ni saa hii! Jana mchana nilikuwa nafagia chumbani kwake, akasema tena, "Kesho." Nikageuka, nikaona hanisemeshi mimi. Anatazama kiti kilicho mlangoni. Akasema, "Kesho, kaa basi, usisimame." Nimekitoa kile kiti. Akauliza kimekwenda wapi, nikakirudisha.

Daktari anasema ni wiki, si miezi. Kama una la kumwambia, mwambie upesi.

Mkwewe

*

Tarehe 13 Julai

Mzee Karani,

Mkweo ameniandikia. Usimlaumu.

Sikutaka kukusumbua kitandani, lakini wa chama nao hawanipi pumzi. Wameniletea kitambaa, eti kwa kuwa mimi ni fundi basi nishone pazia mwenyewe. Nimelishona. Nimelipinda pindo mara mbili nikiwa sijui kama nitalivuta au nitaliacha limfunike.

Sitakupigia kelele tena. Mama alikufa akiamini mumewe aliibiwa hiari yake. Mimi nina wiki moja ya kujua kama alikufa na uongo kichwani. Sikuombi uwe mtu mwema. Nakuomba uwe karani: andika kilichotokea.

Fundi

*

Tarehe 16 Julai

Binti wa Bwana Kesho,

Asiyesema kweli ni mimi. Alikuja.

Naandika kwa mkono wangu, usishangae mistari ikipanda na kushuka. Nimeanza jana, napumzika katikati.

Wiki ile watu wa mwajiri walikuwa wametupenyezea fomu mbili zenye sahihi za kughushi. Afisa wa kazi aliniita, akasema akikuta ya tatu atatupa furushi zima, na tutasubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo nilikaa na orodha, nikawagawa watu mafungu mawili: wenye sahihi na wenye kidole. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa nimesoma kuliko wote katika ule ua, na nilijivunia kuwajua wasiosoma kwa kuwatazama tu, kama tabibu anavyojua homa. Baba yako nilimweka kwenye kidole.

Alifika saa moja na nusu asubuhi, shati jeupe, kola imefungwa mpaka juu. Tulikuwa wawili tu katika chumba cha mizani. Aliiweka fomu mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa na jina lake lote, kwa wino wa buluu, herufi kubwa zilizolala upande mmoja kama watu wanaovuta kamba. Ya mwisho ilikuwa imetoka nje ya mstari.

Nikamuuliza, "Nani amekuandikia?"

"Mimi."

"Bwana Kesho, leo si siku ya mizaha. Miezi mitatu unatuzungusha, leo tumebakiwa na mmoja tu, ndiyo unaleta hii? Mnyapara amekutuma?"

"Nimeandika mwenyewe, Karani. Nimejifunza."

"Umejifunzia wapi? Tanurini?"

Alitabasamu. Alidhani namtania. "Nina mwalimu wangu," alisema.

"Mwalimu gani?"

Hakumtaja. Sasa najua ni kwa nini: ilikuwa siri ya watu wawili, na nusu yake haikuwa yake kuitoa. Wakati ule nilichukulia kwamba ameshindwa kutunga jina. Nikaichana fomu vipande vinne mbele yake, nikakisogeza kidau cha wino. "Kama unakitaka chama, tia kidole kama wenzako."

Akaficha mikono nyuma. "Kidole hapana," alisema. "Chama nakitaka. Kidole hapana."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza. Jibu la swali lako ni hilo. Alikitaka. Alikitaka kwa namna ambayo sisi wengine hatukuwahi kufikiria kutaka kitu. Kama Mama yako angenipokea siku ile mlangoni na kuniuliza, sijui kama ningemwambia. Lakini sikungoja aniulize, na nilishukuru alipotufungia. Kusema kwamba alikubali kungenilazimu kusema fomu yake iko wapi.

Alirudi tanurini. Sijui moyo ulisimama kwa ajili ya moto au kwa ajili yangu. Muuguzi aliandika moto. Mchana, vile vipande vinne vikiwa vimeshachukuliwa na gari la taka, nilichukua kwa maiti kile ambacho mtu aliye hai alininyima, baada ya kukataa kile alichonipa.

Isome barua hii Jumamosi mbele ya watu wote kama ukipenda, au ufanye nayo unavyoona. Jina langu nalo liko ukutani kwenye ukumbi wa zamani; waambie wasilihamishe.

Kuna jambo moja limebaki. Nimelificha hata katika barua ya kwanza, nilipokuwa najidai kukiri. Nimekuandikia hapa kana kwamba nilikosea, kana kwamba niliamini kweli kwamba amedanganya. Kabla hajatoka alinyoosha mkono juu ya meza, ule wa kulia, akasema, "Nipe kalamu, niandike tena ukiona." Kalamu ilikuwa kwenye vidole vyangu. Nilijua palepale kwamba mtu asiyejua kuandika haombi kalamu. Sikumpa.

Karani